Bulangeti ya nguo za kazi: rangi yenye inabaki mahali mufuko ulikuwa

Wakati baba yetu alikufa, ndugu zake walikuja katika matanga, na siku ya kurudi kwao walibeba kinga yake, radio, viti vine na koti yenye alikuwa anavaa siku ya Mungu. Walifungua pia sanduku ya chini ya kitanda. Walikuta ndani salopeti tatu za kazi, wakafunga tena. Mukubwa wao akasema: "Hizi muache. Haziko na bei." Mama hakujibu neno. Alikuwa ameikala chini juu ya mukeka, na sisi watoto tulifikiri hakusikia hata.

Alisikia. Salopeti zile zilibaki ndani ya sanduku miaka 11, na kipande cha sabuni katikati yao juu ya harufu ya unyevu.

Wasomaji wapendwa, leo ninataka kuzungumuza nanyi juu ya kushona: namna gani rangi na alama ndogo-ndogo za nguo yenye ilichakaa zinaweza kuleta kitu kizuri kuliko kitambaa kipya cha dukani. Mimi ninafundisha kushona katika fwaye ya wamama ya parokia yetu. Kwa miaka mingi nilifundisha wasichana sawa vile mimi mwenyewe nilifundishwa: chagua kitambaa kipya, rangi zipatane, na kama kuna kiraka, ukifiche. Musichana mwenye kiraka chake kilionekana, nilikuwa ninamuondolea poenti. Nilikuwa na uhakika wangu, na hakuna mutu angeweza kunibadilisha.

Kisha musista mumoja akaniazima kitabu kikubwa cha picha. Ndani yake mulikuwa mabulangeti ya viraka ya wamama weusi wa Marekani. Kwa yule asiyejua: bulangeti ya viraka ina sehemu tatu. Juu kuna vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, katikati kuna pamba, chini kuna kitambaa cha kufunika. Sindano inapita sehemu zote tatu, mustari kwa mustari, ili pamba isikimbie upande mumoja. Nilifungua kitabu ile nikitafuta modeli za kufundisha. Nikakuta salopeti za baba.

Kijiji ndani ya kiwiko cha muto

Gee's Bend ni kijiji katika Alabama, kusini ya Marekani. Muto Alabama unajipinda pale sawa kiwiko cha mukono, na kijiji kiko ndani ya kiwiko ile, maji pande tatu. Mwaka 1816 muzungu mumoja, Joseph Gee, alifika na watumwa wake kufungua shamba ya pamba. Mwaka 1845 shamba iliingia katika mikono ya Mark Pettway, na huyu alileta watumwa karibu 100 kutoka North Carolina. Walikuja kwa miguu. Njo maana mpaka leo watu wengi sana wa pale wanaitwa Pettway, hata wale wasio ndugu. Jina ni la yule mwenye alimiliki wakubwa wao.

Utumwa uliisha mwaka 1865, lakini pamba haikuisha, na deni haikuisha. Watu walilima kwa kukopa mbegu na chakula, wakalipa wakati wa mavuno, na kila mwaka walibaki na deni. Mwaka 1932 mufanyabiashara mwenye alikuwa anawakopesha alikufa, na mujane wake akadai yote kwa mara moja. Watu walitumwa kijijini, wakabeba mahindi, nguruwe, kuku, ng'ombe, hata vyombo vya kulimia. Msalaba Mwekundu njo uliwaletea chakula. Nilipofika kwenye ukurasa ule nilifunga kitabu kidogo, nikafikiri juu ya kinga ya baba. Sisi tumezoea kuhubiri juu ya mujane mwenye ananyang'anywa. Hapa mujane njo alinyang'anya.

Nyumba zao zilikuwa za miti, na upepo ulipita kati ya mti na mti. Walibandika magazeti kwenye kuta ili kuziba. Mabulangeti yalitokea pale. Hakuna mutu alisema "leo nitafanya sanaa." Kulikuwa baridi na kulikuwa watoto wengi, na vitambaa vyenye vilikuwa nyumbani ni suruali za shamba zenye zilitoboka, magunia ya unga, magunia ya mbolea. Mutu mwenye alilala Lubumbashi ao Kolwezi mwezi wa sita bila kitu cha kujifunika haombi nimueleze zaidi.

Mwaka 1942 Nathaniel Pettway alikufa, na bibi yake Missouri akabaki na watoto. Binti yao Arlonzia alisimulia habari hii wakati yeye mwenyewe alikuwa muzee. Mama yake aliamua kutwaa nguo za kazi za bwana yake, kuzifanya bulangeti ya kumukumbuka, na kujifunika nayo juu ya mapendo. Mama na binti wakapasua suruali na mashati pamoja, wakashona.

Bulangeti ile iko na urefu wa zaidi ya metre mbili. Nilitazama picha yake wakati murefu nikitafuta ufundi. Mistari si sawa, vipande havilingane. Katika fwaye yangu angepata poenti kidogo sana. Lakini sikuweza kugeuza ukurasa, na nilitaka kujua kwa nini.

Bulu moja, bulu saba

Jibu la kwanza liko katika rangi. Unafikiri suruali ya kazi ni ya bulu. Hapana. Ni ya bulu saba ao nane. Chukua suruali ya zamani ya jinzi, uitandike mezani karibu na dirisha. Kwenye magoti ni nyeupe karibu. Nyuma ya magoti, pale kitambaa kinajikunja, kuna mistari yenye kupauka sawa nyayo za kuku. Ndani ya pindo la chini ni bulu ya usiku. Chini ya mushipi kuna mustari mweusi. Na kama ukitoa mufuko wa nyuma kwa wembe, polepole, utakuta chini yake bulu ya siku ya kwanza, sawa vile ilitoka dukani, na pembeni yake vitundu vya sindano vyenye vinaonyesha umbo la mufuko.

Kwa nini inakuwa vile? Jinzi inafumwa kwa nyuzi mbili. Zenye kusimama zinatiwa rangi ya bulu, zenye kulala zinabaki nyeupe. Na rangi ile ya bulu, yenye inaitwa indigo, haiingii sana mpaka moyo wa uzi, inashika ngozi yake tu. Kila mara goti linagusa udongo, ngozi ile inaondoka kidogo, na weupe unatokea. Kwa hiyo mahali penye kupauka ni mahali mutu alifanyia kazi. Mwenye anapiga magoti anapausha magoti. Mwenye anabeba kwenye bega anapausha bega. Salopeti zetu za leo nyingi si jinzi, rangi yao inaingia zaidi na zinachelewa kupauka. Lakini jua, sabuni na kusuguliwa zinafika palepale.

Wamama wa Gee's Bend waliona mambo haya, na hawakuyaficha. Iko bulangeti moja ya Lutisha Pettway, ya karibu mwaka 1950, yenye ni miguu ya suruali tu. Ameifungua, akaipanga wima, moja kando ya mwengine, na magoti yenye kupauka yanaonekana kati ya bulu sawa mwangaza kati ya mawingu. Hakuongeza ua, hakuongeza ndege. Nguo ilikuwa imekwisha kujichora yenyewe miaka mingi shambani, yeye aliipanga tu.

Hapa niseme kitu chenye wasichana wangu walikataa mwanzoni. Katika kazi ya viraka, jina la rangi si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni mwangaza na giza. Nyekundu nzito na bulu nzito, ukizikutanisha, mutu wa mbali anaona kitu kimoja cheusi. Bulu hafifu na bulu nzito, hata ni rangi moja, zinaachana wazi. Namna ya kupima ni rahisi na haiombi franga: panga vipande vyako chini, simama mbali hatua tano, funga macho nusu. Rangi zitapotea, mwangaza na giza vitabaki. Kama kila kitu kimekuwa uji, panga tena. Tulifanya vile siku moja katika fwaye, wasichana 14 wamesimama mustari mumoja na macho nusu. Padri alipita kwenye mulango akafikiri tunasali. Hakuingia.

Kisha njo inakuja nyekundu. Annie Mae Young alishona bulangeti mwaka 1976 na nguo za kazi. Pembeni zote ni bulu za jinzi, nyingine nzito na nyingine zenye kuchoka. Katikati aliweka mistari ya rangi za moto, nyekundu na manjano. Picha ya bulangeti ile, yenye imetupwa juu ya rundo la kuni, njo ilimuvuta mutu mumoja mwenye kukusanya kazi za sanaa, William Arnett, akaenda kutafuta mwenye aliishona. Kwa nini katikati ile inawaka vile? Kwa sababu pembeni imenyamaza. Rangi za moto zinaonekana kukaribia jicho, bulu na majivu zinaonekana kurudi nyuma. Nyekundu kidogo kati ya bulu nyingi inasikilika kama sauti moja ndani ya kanisa yenye kimya. Ukiitia nyekundu kila mahali haisikiliki tena. Hili njo kosa la bikwembe vyetu tunapoviunganisha: kila kipande kinapiga kelele na hakuna mwenye anasikiliza.

Kitambaa chenye mifereji

Kuna alama nyingine ndogo yenye ilinipendeza sana. Mwaka 1966 wamama wa Gee's Bend na wa kando walianzisha chama cha kushona, wakisaidiwa na padri mumoja wa Kanisa la Episkopali, Francis X. Walter. Ilikuwa wakati wa taabu. Tangu mwaka 1962 pantoni ya kuvuka muto ilikuwa imeondolewa, wakati watu weusi walianza kwenda muji wa ng'ambo kujiandikisha ili wapige kura. Bila pantoni, njia ya barabara ilikuwa ya zaidi ya saa moja. (Pantoni ile ilirudi mwaka 2006. Hesabuni wenyewe.)

Mwaka 1972 kampani ya maduka Sears, Roebuck ilipatia chama kazi ya kushona foronya za mito kwa kitambaa kizito chenye mifereji midogo-midogo, kile chenye wazee wetu walikuwa wanashonea suruali za baridi. Mabaki yalienda nyumbani na wamama. Rangi zilikuwa chache: ya zahabu, nyekundu, ya avoka. Kila nyumba ilikuwa na mabaki yaleyale, na hata hivyo hakuna bulangeti mbili zenye kufanana.

Siri moja iko katika mifereji. Kitambaa kile kina manyoya mafupi yenye kulala upande mumoja. Kipitishe mukono kutoka juu, kinang'aa. Kutoka chini, kinakuwa giza. Kwa hiyo vipande viwili vya rangi moja, kimoja kikisimama na kingine kikilala, vinaonekana rangi mbili. Mama mwenye hakuwa na rangi ya pili alikigeuza kitambaa, akaipata.

Kuna pia uzi wa kushonea. Mustari wa uzi mweupe juu ya bulu nzito unaonekana kutoka mulangoni. Juu ya bulu yenye kupauka unajificha, na unabaki kivuli tu pale kitambaa kimebonyea. Kazi ya chama iliomba mishono midogo yenye kulingana, juu ilikuwa ya kuuzwa. Ile ya nyumbani, kila mutu alipita njia yake, na mishono mirefu haikuwa haya kwa mutu.

Mwaka 2002 mabulangeti haya yalitundikwa katika nyumba ya sanaa ya Houston, kisha New York, na watu walisimama mbele yao sawa mbele ya picha za wachoraji wakubwa. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilichapa tembre 10 zenye picha zao. Sifa ilifika. Kuhusu franga, mwaka 2007 baadhi ya washonaji walienda mahakamani wakisema hawakupata haki yao, na mwaka uliofuata kesi zikaisha. Ninasema hii kwa vijana wenye kufikiri kama sifa na franga zinatembea kwa kinga moja.

Mutu asiseme pia kwamba hii ni mambo ya Marekani tu. Wengi katika makambi yetu wana nkambo mwenye alitoka Kasai na treni. Wamuulize juu ya Wakuba. Kwao wanaume wanafuma kitambaa cha rafia, na kitambaa kikitoka kwenye kitanda cha kufumia ni kigumu sawa ngozi. Inaomba kukipondaponda mpaka kilainike, na pale njo matundu yanatokea. Wakaweka viraka juu ya matundu. Kiraka kimoja peke yake kinaonekana kama aibu, wakaweka cha pili mahali hapakuwa tundu, na cha tatu, mpaka nguo nzima ya kucheza ya wanawake, yenye urefu wa metre nyingi, ikajaa viraka vyenye kupindika. Mufano mumoja wanauita kwa jina la mukia wa imbwa. Henri Matisse, muchoraji wa Ufaransa, alikuwa ametundika vitambaa vya Wakuba kwenye ukuta wa nyumba yake. Na mimi nilikuwa ninaondolea watoto poenti.

Wembe na sanduku

Nilienda kwa mama na kitabu ndani ya mufuko wa plastiki. Alitazama picha zote bila kusema, akarudi kwenye ile ya Missouri. Akaniuliza: "Huyu mama, ndugu za bwana yake balimuachia nguo zote?" Nikasema inaonekana balimuachia. Akasema, "Eeh," akaenda kuvuta sanduku.

Pale nilifanya kosa la mwalimu. Niliona salopeti zina bulu za namna tatu, moja imepauka sana mugongoni, nikasema: "Mama, nitanunua rangi sokoni, tuzitumbukize zote, zikuwe sawa." Mama alinitazama kama vile nimetukana. "Ukizitia rangi, utabakiza salopeti ya nani? Ya dukani?" Nikaweka franga yangu nyuma.

Tulizifua kwanza mara tatu. Hapa ninaomba wasomaji wasikilize vizuri: nguo yenye ilifanya kazi kwenye asidi, ao pale wanasaga na kuyeyusha majiwe ya madini, usiifanye bulangeti ya mutoto. Vumbi ile haitoki yote. Baba alikuwa fundi wa mashini katika atelie, nguo zake zilikuwa na mafuta zaidi kuliko vumbi, na hata hivyo bulangeti hii ni ya mutu mukubwa. Jambo lingine: tumia sindano ya jinzi, namba 100, yenye wengine wanaita 16. Ukifika pale mishono inakutana na kitambaa kinakuwa mara nne, toa muguu kwenye mashini, zungusha gurudumu kwa mukono. Nilivunja sindano mbili mbele ya kukumbuka sheria yenye ninafundisha kila mwaka.

Mama hakutaka mashini kwa mifuko. Alichukua wembe, akakata uzi mumoja mumoja, miwani yake imeshuka kwenye pua. Mufuko wa kwanza wa kifua ulipotoka, chini yake mulikuwa bulu yenye sikuikumbuka hata kidogo. Bulu ya salopeti mupya, ya siku baba alirudi nayo kutoka magazini ya kazi, wakati mimi sikujua bado kusoma. Ndani ya pindo la mufuko mulikuwa vumbi ya kijani, kidogo sawa chumvi ya mayai mawili. Na mustari mumoja wa rangi ya kutu, wima, urefu wa kidole. Mama alisema: "Ni ile metre yake ya chuma." Baba alikuwa anaweka pale metre ndogo ya kupimia, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa.

Tulipanga vipande siku ine, chini, katika salon. Nilimufundisha kufunga macho nusu, akasema macho yake yako nusu tangu zamani. Migongo yenye kupauka tuliiweka karibu na mapindo yenye giza. Alama za mifuko zilikuwa sita. Mimi nilitaka kuzipanga mustari mumoja katikati, sawa madirisha ya nyumba, mama akazitawanya. Moja aliiweka juu, upande wa kushoto, mahali inafika kwenye kifua ukijifunika.

Tuligombana pia juu ya nyekundu. Nilileta kipande cha kikwembe chekundu, upana wa vidole vitatu, nikamueleza habari ya Annie Mae Young na katikati yenye kuwaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakishona chini kabisa, kwa miguu, kwenye pembe. "Sitaki nyekundu ikuwe inaniangalia usiku," alisema. Nilisimama mbali hatua tano. Alikuwa na haki: kutoka pale pembeni, kipande kile kidogo kilivuta bulu yote upande wake. Ningekiweka katikati, mutu angeona nyekundu tu, na alama za mifuko asingeziona.

Bulangeti si sawa. Upande mumoja umepita mwengine sentimetre ine, na mishono ya mama inatembea kama mutu mwenye kutafuta viatu gizani. Ameilalia mwaka wa tatu sasa.

Mwezi wa saba uliopita baba mukubwa alitutembelea, yule mwenye alifunga sanduku. Amezeeka, anatembea na fimbo. Usiku baridi ilikuwa kali, na mama akatandika kitanda cha salon. Nilimuona anatoa bulangeti yake mwenyewe, anaiweka pale bila kuelezea kitu. Asubui, nilipoleta maji ya kuoga, baba mukubwa alikuwa ameikala kwenye kitanda na bulangeti juu ya magoti. Alikuwa anaangalia ile bulu nzito ya juu, upande wa kushoto, na mustari wa kutu. Aliniuliza: "Ile metre yake, iko wapi?"

Nilimujibu iko kwa mudogo wangu, anaitumia bado. Mama akaita kutoka jikoni kwamba chai imekuwa tayari.